Mama Tahadhari na Ukurasa wa Alama Mpya

Ofisini kwetu kila mtu anamwita Mama Tahadhari, na walioanza kumwita hivyo walidhani wanamkomoa. Siku aliyosikia, alichukua karatasi ngumu, akaliandika jina hilo kwa herufi kubwa, akalisimamisha mbele ya kompyuta yake kama kibao cha mhudumu wa benki. Utani ukaishia hapo. Hakuna raha ya kumtania mtu ambaye ameshaupenda utani wenyewe.

Kazi yake ni kuandika maelezo. Wengine wanatengeneza programu, mimi naijaribu mpaka iharibike, yeye anaandika ukurasa ambao mtumiaji atausoma akikwama. Alitokea kiwanda cha dawa, ambako alikuwa anaandika vile vikaratasi vinavyokunjwa ndani ya boksi la vidonge. Walimfukuza kwa sababu ya ukubwa wa herufi. Walitaka apunguze herufi za sehemu ya madhara ili kikaratasi kiwe kifupi, akawaambia kwamba mgonjwa wa macho naye ni mgonjwa. Kisa hicho alikisimulia mwenyewe kwenye usaili, uso mkavu, na meneja wetu akacheka sana, akamwajiri. Baadaye meneja alijuta, lakini hilo ni shauri lake.

Sasa nieleze programu yenyewe, maana bila hiyo ugomvi hautaeleweka. Inatunza historia ya kazi. Ukibadilisha chochote, inahifadhi toleo la zamani, jina lako, na sababu uliyoitoa. Mahali pa kuhifadhia tunapaita ghala. Kila toleo linaloingia ghalani linapigwa alama, yaani mstari mrefu wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na yaliyomo. Ukigusa hata nukta, alama inabadilika yote, na hivyo ndivyo programu inavyogundua kama mtu amechezea kitu kisirisiri.

Tatizo ni kwamba kanuni ya zamani ya kupiga alama imechoka. Wajuzi walishaonyesha kuwa unaweza kutengeneza faili mbili tofauti zenye alama ile ile, na tangu hapo watu wa kazi yetu hatuna raha. Mwenzetu mmoja, bwana mpole tunayemwita Profesa ingawa hajawahi kufundisha mtu, akajifungia na kanuni mpya mpaka ikakubali kufanya kazi. Tukampigia makofi. Ila ilikuwa na masharti. Ghala la alama mpya halikuweza kupokezana kazi na ghala la alama ya zamani. Tena, namna ya kuihifadhi ilikuwa haijakatwa kauli, kwa hiyo huenda toleo lijalo la programu lingeshindwa kulifungua ghala lililoanzishwa leo.

Mama Tahadhari alimkalisha Profesa kitako kwenye chumba cha chai, akaanza kumhoji.

"Nikifungua ghala kwa alama mpya, na mwenzangu ana la zamani?"

"Hamtaelewana."

"Programu itaniambia?"

"Mara nyingine."

"Mara nyingine? Ndiyo jibu hilo?"

"Ndiyo ukweli, dada."

"Haya. Ukweli naujua kuuandika."

Akaandika ukurasa. Namna ya kuchagua alama mpya, amri ya kuandika, mfano wa majibu utakayoyaona. Mwishoni akaweka hivi: *Alama mpya bado ni ya majaribio. Ghala lake halipokezani kazi na ghala la alama ya zamani, na toleo lijalo linaweza kushindwa kulifungua. Usiitumie kwa kazi ambayo huna nakala yake mahali pengine.* Mimi ndiye niliyeusoma na kuuidhinisha, maana kwetu kuna sheria moja ambayo haina mkubwa wala mdogo: badiliko haliingii bila jina la aliyelifanya, sababu yake, na jina la mtu mwingine aliyekubali. Huruhusiwi kujikubalia mwenyewe.

Wakati huo meneja alikuwa ameshawaahidi watu wa ofisi inayotunza michoro ya mabomba ya maji ya mji kwamba alama mpya iko tayari kabisa. Michoro yao yote, kila bomba lililozikwa chini ya kila barabara, ingehamia kwenye ghala la alama mpya. Walikuwa wanakuja Jumatatu. Na mkataba wa Mama Tahadhari ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi huo huo. Mumewe, fundi wa majokofu, alikuwa ameumia mgongo kwa kunyanyua, yuko nyumbani ananyooshwa, na mshahara wa kutegemewa ulikuwa ule mmoja. Meneja alilijua hilo vizuri. Tena nadhani ndilo lililompa kiburi.

Alituita chumba cha mikutano asubuhi, akawasha skrini ya ukutani, ukurasa ukatokea.

"Mama, huu mwisho unatuharibia," alisema kwa sauti ile ya kupaka mafuta. "Ondoa neno majaribio. Andika tu, kipengele kipya. Na hiyo habari ya nakala, toa. Inatisha watu."

"Ni ya majaribio, bosi. Muulize aliyeitengeneza."

Profesa akaangalia viatu vyake. Kusema kweli nilitamani kumzaba kibao.

"Sijasema ni uongo," meneja akasema. "Nimesema inatisha."

"Inapaswa kutisha kidogo."

"Sikiliza. Wewe ni mwandishi. Kazi yako ni kuandika ninachokuambia."

"Kazi yangu ni kuandika programu inafanya nini. Unachoniambia sicho inachofanya."

Meneja akaanza kugongagonga meza na kalamu, akaugusia mkataba wa Mama Tahadhari, lakini kwa kuzunguka: kwamba mwezi unaisha, kwamba yeye anapenda watu wanaoshirikiana, kwamba hali ya nyumbani kwake anaifahamu na anamhurumia. Hapo ndipo damu iliponichemka. Mtu akikuhurumia huku amekushika koo, hiyo huruma ni ya nini?

Mama Tahadhari hakupandisha sauti. Aliivuta kompyuta yake, akaufungua ukurasa mahali pa kubadilisha, akaisukuma juu ya meza mpaka ikasimama mbele ya meneja.

"Futa wewe."

"Mimi?"

"Ndiyo. Hapa unaingia kwa jina lako. Hapa unaweka sababu. Mimi jina langu siliweki pale."

Meneja alicheka, lakini kicheko kiligoma kutoka vizuri. Angeweza kukataa. Nadhani alijiona anatazamwa, akavaa miwani ya mbao, akaingia kwa jina lake, akafuta. Ilipofika kwenye sababu, vidole vikasimama. Akafikiri. Akaandika: *Kuboresha lugha.*

Mtu mmoja nyuma yangu alikohoa. Nadhani kilikuwa kicheko.

Badiliko likabaki linasubiri mtu wa kulikubali. Meneja akamgeukia Profesa. Profesa alisema anahitaji muda wa kuangalia, akiwa bado ameinamia viatu. Meneja akanigeukia mimi.

"Wewe. Bonyeza hapo tumalize."

Nilikuwa na hofu, sifichi. Mimi pia nina mkataba. Lakini ile *kuboresha lugha* ilikuwa imenikaa kooni.

"Nitabonyeza, bosi," nikasema, "ukibadilisha sababu. Andika mteja anakuja Jumatatu."

Alizima skrini, akatoka, na mlango aliufunga kwa namna ambayo mlango haukuhitaji.

Mchana ule nilimsindikiza Mama Tahadhari kwake. Anakaa ghorofa ya juu, ngazi zina harufu ya sabuni ya kufulia. Mumewe alikuwa amelala chali sakafuni juu ya mkeka, miguu iko juu ya kiti, kama alivyoagizwa na daktari, anafuatilia mpira redioni. Mama mzazi wa Mama Tahadhari alikuwa amekaa kitandani anakunja nguo. Alimtazama bintiye mara moja tu.

"Wamekufukuza tena?"

"Bado, mama."

"Basi kuleni kwanza. Mumeo kala, huyo usimhesabu, mgongo ndio unaouma, tumbo ni zima."

"Nimesikia," mume akasema kutoka sakafuni.

Tulikula. Nikamuuliza kama haogopi. Alisema anaogopa tangu asubuhi, kwamba mikono ilikuwa inamtetemeka chini ya meza na ndiyo maana aliisukuma ile kompyuta badala ya kuinyanyua. "Lakini niambie, mdogo wangu," alisema, "mtu anayesoma ukurasa ule hanijui. Hawezi kunipigia simu. Ana yale maneno tu. Sasa mimi nikimdanganya, atamuuliza nani?" Nikamwongezea maji kwenye glasi.

Jumatatu watu wa maji walikuja. Meneja aliwaonyesha kila kitu kwa madoido, isipokuwa ukurasa wa maelezo. Mkubwa wao, mama mmoja aliyevaa viatu vya kutembelea maeneo ya kazi vyenye udongo mkavu, aliuomba mwenyewe. Akausoma mpaka chini, taratibu, midomo ikitikisika. Kisha akauliza kama hayo ya mwishoni ni kweli. Meneja akasema ni lugha ya tahadhari tu, waandishi ndivyo walivyo. Yule mama akamgeukia Profesa, kwa kuwa alishaambiwa ndiye mtengenezaji, akamuuliza swali lile lile.

Profesa aliangalia viatu vyake tena. "Ni kweli," alisema. Neno hilo tu, tena kwa sauti ndogo.

Watu wa maji wakasema wataendelea na alama ya zamani kwa sasa na watasubiri mpaka mpya ikomae. Wakaaga vizuri. Hawakuvunja mkataba wala hawakukasirika. Kwa meneja ilikuwa kama wamemtukana. Siku hiyo hiyo alimwita Mama Tahadhari, akamwambia mkataba wake hautaongezwa. Hakutaja ukurasa. Alisema ofisi inapanga upya mahitaji yake. Huyo ndiye anayetaka kuboresha lugha!

Kilichoniuma ni jinsi ofisi ilivyonywea. Watu walioshinda wakimwomba awasahihishie barua zao wakaanza kupita upande wa pili. Yeye aliendelea kuja kwa wakati, na kibao chake mbele ya kompyuta, akamalizia kurasa alizobakiza mmoja baada ya mwingine. Lile badiliko la meneja lilikuwa bado linaning'inia, halijakubaliwa na mtu, jina lake na sababu yake viko wazi kwa yeyote atakayefungua. Meneja angeweza kuliondoa. Nadhani aliona haya hata kurudi pale.

Siku yake ya mwisho alifunga virago mapema: kikombe, sweta, kamusi iliyochakaa, na kile kibao. Akaja kwenye meza yangu kuniaga. Nikaona macho yake mekundu, nikajua amelia mahali, pengine chooni, na nikamchukia meneja upya kabisa.

"Kuna kitu kimoja nimekiacha kinasubiri," alisema. "Usijilazimishe. Una watoto." Akaondoka.

Nikafungua. Lilikuwa badiliko lake la mwisho. Hakuwa amefuta kitu wala kuongeza neno. Ile tahadhari aliitoa mwisho wa ukurasa, akaipandisha juu kabisa, juu ya amri na mifano yote, mahali ambapo msomaji hawezi kufika popote kabla ya kuipita. Kwenye sababu alikuwa ameandika: *Kwa sababu bado ni kweli.*

Meneja alikuwa anaonekana kupitia kioo cha ofisi yake, yuko kwenye simu, anacheka na mtu. Nilimfikiria mume wa Mama Tahadhari pale sakafuni. Nikawafikiria wanangu. Nikashusha ukurasa mpaka mahali pa kukubali, na nikakuta kuna jina limeshanitangulia.

Profesa. Niligeuka nikamtazama. Alikuwa amekaa wima, haangalii viatu.

Sheria yetu inataka jina moja tu la kukubali, kwa hiyo badiliko lilikuwa limeshaingia, na mimi sikuwa na haja ya kufanya lolote. Nikaweka na langu.