Nilivyowatembeza Wageni Kando ya Mto Thika

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kofia, fimbo na amri ya kutembea polepole. Kofia na fimbo niliziweza. Mimi ni Mkamba wa upande wa Yatta, nimekua nikifuata ng'ombe, na mtu anayefuata ng'ombe polepole hurudi nyumbani bila ng'ombe. Karani Mkuu wa nyumba ya wageni iliyoniajiri huko Ruiru alinisimamisha barazani akanionyesha Wazungu wachache waliovaa viatu vizito, kila mmoja na chupa ya maji begani.

"Mutua, wapeleke mpaka bwawani, halafu mrudi," akaniambia.

"Huko bwawani wanaenda kufanya nini?"

"Hakuna kitu."

"Kuna mtu wanamtafuta?"

"Hawa watu wanatembea tu. Enda!"

Nikaenda. Ninyi vijana mmezoea kuona watu wakitembea asubuhi kwa sababu ya sukari na presha, lakini mwishoni mwa miaka ya hamsini mtu aliyetembea bila shughuli alitiliwa shaka. Tulipokatiza shamba la kahawa, akina mama waliokuwa wakichuma wakaacha madebe yao.

"Kwani hao wamepotea?" mmoja akaniuliza.

"Hapana mama, wameamua," nikamjibu, nao wakacheka mpaka tukapotelea mtoni.

Niseme pia kwa nini kazi ile iliniangukia mimi. Hali ya Hatari waliyoitangaza wakoloni dhidi ya wapiganaji wa msituni ilikuwa imelegea lakini haijaisha, na Mkikuyu hakuweza kuzunguka bila pasi ya serikali. Mpishi wetu, Mzee Njoroge, alizaliwa hapo hapo, alijua kila kijia na kila chemchemi, lakini hakuruhusiwa kuvuka uzio wa nyumba ile bila karatasi. Jioni alikuwa akinielekeza njia kwa kuchora na kidole kwenye unga wa mezani. Iliniuma kupita katika nchi yake huku yeye amebaki na masufuria.

Kazi ilikuwa na utaratibu wake. Mtu wa mbele tulimwita kichwa, na wa nyuma kabisa mkia. Mimi nilikuwa kichwa, na mkia nilimchagua kati ya wageni, mwanaume mwenye nguvu lakini asiyependa kujionyesha, kwa maana mkia mwenye maringo hukimbilia mbele na kuwaacha wazee vichakani. Kabla ya kuondoka nilisoma viatu. Nikiona kiatu kipya kinang'aa, nilichagua njia fupi, maana kiatu kipya na lengelenge ni ndugu. Geti tulilolikuta limefungwa tulilifunga nyuma yetu, na lililokuwa wazi tuliliacha wazi. Mwenye shamba anasamehe mtu kukanyaga nyasi zake, lakini ng'ombe wake wakitoroka hasamehe.

Baada ya muda nikahamishiwa Thika, kwenye hoteli kubwa zaidi iliyokuwa karibu na mto. Hapo nilimkuta Meneja, Mzungu mnene mwenye masharubu, aliyezungumza Kiswahili kama mtu anayepasua kuni. Siku niliyoripoti aliniita ofisini.

"Wewe sikia. Mgeni yangu hapana kula kitu ya njia. Hapana ndizi, hapana muwa, hapana maji ya kibuyu. Mgeni naumwa tumbo, wewe nakwenda kwenu. Sikia?"

"Nimesikia, Bwana."

Hakuwa anatania. Aliyenitangulia alifukuzwa kwa sababu ya kipande cha muwa.

Wakati huo huo nilikuwa nimempenda msichana aitwaye Mwende, aliyeleta mayai sokoni Thika. Mimi sikuwa mlaji wa mayai, lakini mwaka huo niliyala mpaka nikayachukia. Baba yake, Mzee Kilonzo, alikuwa nyapara, msimamizi wa wakata mkonge katika shamba moja mashariki ya mji. Nilipokwenda kujitambulisha alinitazama mikono kwanza, uso baadaye.

"Unafanya kazi gani?"

"Natembeza wageni wa hoteli, Asa." Asa ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita baba.

"Unawapeleka wapi?"

"Tunazunguka, halafu tunarudi."

Akamgeukia Mwende. "Umesikia? Huyu anazunguka na kurudi. Hata punda huzunguka na kurudi, lakini punda anarudi na maji."

Mwende aliinama akacheka kwenye leso. Mimi sikucheka. Mzee akanionyesha viganja vyake vilivyojaa makovu ya mkonge, akasema, "Kijana, ilete hiyo kazi yako hapa niione kwa macho yangu. Nikiona ni kazi, tutaongea mambo ya mbuzi wa mahari. Nikiona ni mchezo, usinirudie."

Basi Jumamosi iliyofuata nikapanga njia ya kufuata mto kuelekea mashariki, tupite mbele ya boma la mzee, atuone tumejipanga vizuri, kisha tuendelee hadi kwenye mawe ya mtoni ambapo wageni wangekula chakula chao. Nilitaka apate kuona tu. Lakini kundi la siku hiyo lilikuwa na mama mmoja mzee tuliyemwita Bibi Mwalimu, aliyefundisha shule ya misheni kwa miaka mingi na kukijua Kiswahili kunizidi. Goti lake lilikuwa bovu. Tulipofika penye migunga, hatua chache tu kutoka lango la Mzee Kilonzo, akasema goti limekataa, akaketi. Wenzake nao wakaketi, wakatandika kitambaa, wakafungua mikate yao.

Kwetu mtu hakai mbele ya boma la mwenzake akala chakula cha mfukoni. Akifanya hivyo anawatangazia majirani kwamba mwenye boma ni mchoyo, au mbaya zaidi, kwamba chakula cha hapo kina sumu. Nikamwona mzee akitoka na fimbo yake.

"Mutua, hawa ndio wageni wako?"

"Ndiyo, Asa."

"Na wanakula nje ya mlango wangu?"

Akapaza sauti kwa Kikamba, na mara mama yake Mwende na Mwende mwenyewe wakatoka na chungu cha muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na mbaazi, pamoja na kibuyu cha maziwa ya mgando. Wageni wakatazamana. Mimi nilikuwa nimeshika kofia, napiga hesabu. Wakila, kazi imekwenda. Wasipokula, mke amekwenda. Na nani angempa binti yake mtu asiye na kazi?

Nikachuchumaa karibu na Bibi Mwalimu nikamweleza yote, ya Meneja na ya Mwende, bila kuficha.

"Meneja amekataza?"

"Amekataza kabisa, Bibi."

"Na mzee huyu ndiye baba wa msichana?"

"Ndiye."

Alicheka mpaka miwani ikateleza puani. "Mutua, mimi nimezaliwa katika mji mdogo wa soko la zamani sana, huko Uingereza. Jumapili tulikuwa tunazunguka mashambani, tunapanda ngazi za kuvukia uzio, tunashuka mabondeni, na mwisho wa safari lazima tuingie jikoni kwa mkulima mmoja tunywe chai yake. Tukimpita, alikuwa ananuna mwezi mzima." Akawageukia wenzake, akawaambia kwa Kiingereza wafunge mikate. Kisha akanipa mkono nimwinue. "Leo mimi si mgeni wa Meneja. Ni mgeni wa mzee huyu."

Tukaingia. Nikawanawisha mikono wageni mmoja mmoja, kuanzia mkubwa. Nikawaonyesha wanawake pa kukaa na wanaume pa kukaa, nikatafsiri salamu, nikamwambia kijana mmoja Mzungu asisimame juu ya mawe ya jiko. Mzee akaonja kwanza, kama ilivyo desturi, ndipo wakala. Bibi Mwalimu aliomba aongezewe, na mama yake Mwende akapiga kigelegele. Muda wote mzee hakuwatazama wageni. Alinitazama mimi.

Tuliporudi hotelini, Bibi Mwalimu alikwenda ofisini kabla yangu na kufunga mlango. Asubuhi niliwahesabu wageni wangu mezani kwa woga, nikawaona wote wanakula kama kawaida. Ndipo nikaitwa.

"Mutua! Wewe nalisha mgeni yangu kwa Mkamba?"

"Ndiyo, Bwana."

Akavuta masharubu. "Jumamosi ingine wageni mingi nataka hiyo chakula. Wewe nakwenda ongea na mzee."

Nilikimbia njia nzima hadi kwa Mzee Kilonzo. Alinisikiliza, akatema mate pembeni kwa baraka, akasema, "Kumtoa mtu mbali, ukamleta akakaa na asiyemjua, wakala chungu kimoja, halafu ukamrudisha salama. Nimesimamia watu miaka mingi, lakini hiyo mimi singeiweza. Tuongee mambo ya mbuzi."

Baada ya Uhuru hoteli ilibadilisha wenyewe, wageni wakapenda magari, na mimi nikapewa funguo za stoo, ambako nilikaa mpaka nikastaafu. Jumamosi niliomba iwe siku yangu ya mapumziko, kwa sababu mzee hakukubali kwamba matembezi yamekwisha. Kila Jumamosi chungu kilitengwa jikoni kwake. Nami nilivaa viatu, nikafuata mto peke yangu, bila mkia, nikaenda kula. Hata macho yake yalipozimika, alizijua hatua zangu langoni.

"Umeleta wangapi leo?"

"Leo ni mimi tu, Asa."

"Basi ingia unawe. Mgeni ni mgeni."

Barua ya hoteli inasema nilistaafu nikiwa mtunza stoo. Mimi na Mwende tunajua kwamba kazi yangu iliisha Jumamosi ile tuliyomzika baba yake, nilipofika kwa miguu na kukuta moto wa jiko umezimwa.