Kiazi Nilichoambiwa Nikiweke Chini

Nilipokuwa mtoto, Butembo nzima ilijua kwamba kijana aliyenyunyiziwa dawa ya maji haguswi na mwanamke. Risasi ikimjia inageuka maji, lakini mkono wa mwanamke ukimgusa, hata wa mtoto wa kike, dawa inakufa. Kaka yangu mkubwa Kambale, niliyemwita yaya kama tunavyomwita kwetu kila mkubwa wetu, alikuwa mmoja wao. Aliingia msituni kupigana, na mama yetu alipokufa hakuweza hata kuja kumzika.

Siku moja habari ikafika kwamba kundi lao linashuka kuweka silaha chini, katika mji mdogo wa barabarani, kabla ya kufika Alimbongo. Mukaka, bibi yetu aliyetulea, alichemsha viazi vitamu, akavifunga katika jani la ndizi, tukapanda lori la wauza vitunguu. Baridi ya Lubero ilitukata masikio. Njia nzima Mukaka alirudia jambo lile lile.

"Kavira, weka kiazi chini, yeye mwenyewe ataokota. Hapana kumupatia mu mukono. Bado hawajamufungula dawa. Dokteri wao atabaosha kwanza ku mutoni. Kisha utamukumbatia mpaka uchoke."

"Ndiyo, Mukaka."

Niliitika vizuri, masikini mimi. Nilikuwa na miaka tisa.

Walishuka mlimani kwa mstari, majani shingoni. Kila mmoja alilaza bunduki yake juu ya turubai mbele ya wanajeshi, kisha akaelekezwa kwenye lori. Nao vijana walidhani wataoshwa kwanza! Yaya alikuwa amekonda, mguu mmoja hauna kiatu. Nilipomwona nilisahau kila kitu. Nilipenya katikati ya watu, nikamshika mkono, nikamtilia kiazi kiganjani.

Alishtuka kama aliyeungua. Mwanaume mzima, na aliniogopa mimi.

"Aka, Kavira! Umefanya nini?"

Wakampandisha kwenye lori. Dokteri wao, yule mganga mzee mwenye kibuyu cha maji ya dawa, alikuwa amezuiliwa ng'ambo ya barabara. Yaya alimwita mara mbili, mzee hakusikia. Lori lilipoanza kutembea, yaya akaruka chini akamkimbilia mzee, akilia aongezewe maji. Askari mmoja, mgeni wa mkoa wa mbali asiyejua Kinande, lugha yetu, aliona mtu anatoroka.

"Telema!" alipiga kelele, yaani simama. Yaya hakusimama. Bunduki ikalia mara moja tu.

Alikufa pale pale barabarani, kiazi changu bado mkononi.

Jioni Mukaka aliniosha mkono wa kulia kwa majivu, kidole kwa kidole. Sijui alikuwa anaondoa dawa au kosa. Hakunilaumu mpaka anaingia kaburini, nami sikuthubutu kumuuliza. Nilikua nikiamini nimemuua kaka yangu. Leo mimi ni mama, nimeona vijana wengi walionyunyiziwa maji, wasioguswa na mtu, wakiletwa wamefunikwa shuka. Najua risasi haimwogopi yeyote. Lakini najua pia kwamba kama nisingemshika, yaya angekaa kwenye lori lile. Hapo ndipo ninapokwama, na nimekwama miaka mingi. Inauma, jamani.

Mwaka jana nilipita mji ule. Wameweka jiwe lililopakwa chokaa, na mwalimu alikuwa amewaleta wanafunzi wake.

"Hapa, batoto, waliweka silaha chini," aliwaambia. "Hata risasi moja haikulia."

"Moja ililia, mwalimu," nikasema.

Alinitazama, kisha akawageukia wanafunzi wake. Sikumkasirikia, yeye hakuwepo.

Kando ya barabara mama mmoja alikuwa anauza viazi vya kuchemsha. Nilinunua kimoja, bado cha moto. Nikaenda mpaka pale yaya alipoangukia, nikainama, nikakiweka chini. Kisha nikarudisha mikono yangu nyuma, kama Mukaka alivyoniagiza.