Shahidi Kutoka Zombe

Katika miaka ya sabini nilikuwa mkalimani wa mahakama mjini Kitui. Hakimu aliuliza kwa Kiingereza, mimi nikauliza kwa Kikamba. Shahidi akajibu kwa Kikamba, nami nikajibu kwa Kiingereza kana kwamba ndimi niliyekuwepo ng'ombe alipoibwa au panga lilipoinuliwa. Nilisema "mimi" siku nzima bila kujisema mwenyewe hata mara moja. Nilisema nilimpiga, nililala, sikuona, na jioni nikaenda nyumbani kula githeri.

Kesi za madereva waliokamatwa wamelewa zilikuja kwa wingi baada ya mavuno, wakati watu wana nafaka ya kuuza na asali ya kutengenezea uki, ile pombe yetu ya Ukambani. Siku hizo hakukuwa na kifaa cha kupuliza cha kupimia ulevi. Askari alisimama akasema mshtakiwa alinuka pombe, macho yake yalikuwa mekundu, na gari lake lilikuwa likiyumba. Aliyewahi kupita barabara ya Zombe wakati wa kiangazi anajua kwamba huko macho ya kila mtu ni mekundu na hakuna gari lisiloyumba. Kwa hiyo hakimu alimtegemea zaidi daktari wa hospitali, ambaye alimtembeza mtu juu ya mstari wa chaki, akamsimamisha kwa mguu mmoja, akamwambia aokote sarafu sakafuni. Nilimsikia mshtakiwa mmoja akilalamika kwamba hata asipokunywa hawezi kusimama kwa mguu mmoja. Hakimu akamwambia aonyeshe. Akaanguka pale pale kizimbani, na akaachiliwa.

Adhabu zilikuwa tatu: faini, kifungo, na kunyimwa leseni. Asiye dereva angedhani kinachotisha ni kifungo. Mimi niliyesimama karibu nao niliona vingine. Faini ililipwa na ukoo. Kifungo, kikiwapo, kilikuwa cha miezi. Lakini leseni ilizuiwa mwaka mzima, na hakimu hakuruhusiwa kuupunguza mwaka huo ila kwa sababu maalumu, ambazo katika miaka yangu yote sikuona zikikubaliwa. Dereva wa kuajiriwa akikaa mwaka bila leseni, kiti chake kina mtu mwingine.

Mshtakiwa ninayemkumbuka kuliko wote alikuwa kijana wa Mbumbuni, dereva wa pikapu ya mfanyabiashara wa nafaka. Alikuwa amekwenda Zombe kupeleka mbuzi wa ntheo. Kwetu, mbuzi hao wakishachinjwa na kuliwa nyumbani kwa kina msichana, huyo ni mke wako. Kanisa na vyeti hufuata. Mwajiri wake alimwazima gari kwa siku hiyo, na kwa kuwa hakuna hata mmoja kati ya wajomba zake aliyejua kuendesha, bwana harusi alishika usukani mwenyewe. Wajomba walikaa nyuma na mbuzi.

Wakati wa kurudi, alasiri, gari lilitoka barabarani karibu na mji wa Kitui na kutumbukia mtaroni, hatua chache kutoka kwenye kizuizi cha polisi. Hakuna aliyeumia. Askari alieleza hayo yote kwa utaratibu, kisha akaongeza, ingawa hakuulizwa, kwamba wazee waliokuwa nyuma waliendelea kuimba hata baada ya gari kusimama.

Daktari alisema alinusa pombe. Mshtakiwa alitembea juu ya mstari, akateleza kidogo, na sarafu aliiokota alipojaribu mara ya pili. Kwamba alikunywa, ndiyo. Kwamba alilewa kiasi cha kushindwa kuendesha gari, daktari hakuweza kuapa. Hakimu wetu alikuwa mtu makini kutoka Mkoa wa Magharibi, na ushahidi wa namna hiyo nilikwisha kumwona akiutupa zaidi ya mara moja. Kesi ilikuwa imebaki mikononi mwa kijana mwenyewe.

Aliapa, akasema, "Nilikunywa soda. Mimi ni mtu wa kanisa. Harufu ilikuwa ya wajomba zangu, tulikuwa tumebanana tukilitoa gari mtaroni. Na mtaroni niliingia kwa sababu ya punda aliyekatiza barabara."

"Una shahidi?" hakimu akauliza.

"Ninaye, Mheshimiwa. Baba mkwe. Nilikuwa kwake siku nzima. Yeye atasema nilijiheshimu."

Shahidi haruhusiwi kusikia wenzake wakisema, kwa hiyo mzee huyo wa Zombe alikuwa ameketi nje tangu asubuhi. Aliingia na koti zito ingawa jua lilikuwa kali, kofia mkononi. Aliwaamkia hakimu, inspekta aliyeendesha mashtaka, mimi, na wananchi waliokaa kwenye mabenchi. Halafu akamtazama mkwewe kizimbani, akamwitikia kwa kichwa, kama mtu anayemwambia mwenzake sasa pumzika, nimefika.

Baadaye nilikuja kujua alivyoitwa. Mjomba mmoja alitumwa Zombe akamwambie, njoo useme kijana alijiheshimu kwako. Hakusema zaidi. Aliona hakuna haja.

"Mzee," hakimu akasema, "mshtakiwa alipokuwa kwako, mwenendo wake ulikuwaje?"

"Mzuri kabisa," mzee akasema. "Sijapata mkwe mwenye heshima kama huyu, na nina wakwe wanne. Nilimpa uki kwa mkono wangu huu wa kulia, akapiga goti, akapokea kwa mikono miwili, akanywa akamaliza."

Nilifasiri. Nilisikia sauti yangu ikisema, akanywa akamaliza.

Inspekta alikuwa amejiandaa kwa maswali magumu. Aliyaacha mezani akainuka polepole.

"Alikunywa uki, mzee? Si soda?"

"Soda?" Mzee alinigeukia mimi, kana kwamba nimemkosea. "Mwambie hivi. Mtu hakuletei mbuzi watatu halafu akakataa kikombe chako. Huyo hana haja na binti yako. Soda tuliwapa watoto."

Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza.

"Kikombe kimoja?" inspekta akauliza.

"Cha kwanza kilikuwa kimoja. Alipokimaliza vizuri nikamwongezea."

"Ukamwongezea mara ngapi?"

"Wewe umeoa?"

"Mzee," hakimu akasema, "hapa anayejibu ni wewe."

"Najibu, mwanangu, najibu. Nauliza kwa sababu aliyeoa anajua. Mtu hahesabu anachompa mkwe."

Nilifasiri na "mwanangu" pia. Kazi yangu haikuwa kuchagua. Hakimu aliandika bila kuinua kichwa, lakini niliona kalamu yake imesita kidogo. Kwenye benchi la mbele wajomba walikuwa wamefumba macho wote, kama watu wanaoombewa.

"Sina zaidi, Mheshimiwa," inspekta akasema, akakaa.

Sheria inampa mshtakiwa nafasi ya kumwuliza shahidi wake tena, aweke sawa yaliyopinda. Hakimu alimwambia hivyo, nami nikamweleza kijana kwa Kikamba, taratibu, ili asiseme kesho hakuelewa. Njia ilikuwepo. Nilikwisha kuwaona wengine wakiipita. Angeuliza, baba, si ulinichanganya na mjomba wangu? Macho yako si yamechoka siku hizi? Hata kama mzee angekataa, hakimu angebaki na shaka, na shaka ni mali ya mshtakiwa. Mjomba mkubwa alikohoa. Akakohoa tena kwa nguvu zaidi, mpaka karani akamtazama.

Kijana alimtazama mzee. Mzee naye alimwona anasita, akamwambia kwa upole, "Mkwe, sema tu. Nipo."

Inspekta alikuwa ameshika kalamu hewani.

"Sina swali kwa baba," kijana akasema.

Nikafasiri hivyo.

Hukumu ilisomwa baada ya chakula cha mchana. Ana hatia. Hakimu alisema sheria haimkatazi mtu kikombe cha mkwewe. Inamkataza usukani baada ya kikombe hicho. Alisema pia kwamba angalau mtu mmoja wa upande wa utetezi alikuja kusema kweli. Faini ikatozwa, kifungo hakikutolewa, na leseni ikazuiwa mwaka mzima. Kijana alitoa kile kijitabu chekundu cha leseni kwenye mfuko wa shati, akakishika kidogo, akampa karani.

Nje, mzee wa Zombe alikuwa anangoja karibu na ngazi. Alinikamata mimi kwanza. "Wamesemaje?"

Nikamwambia: faini, hakuna jela, leseni mwaka.

Akapiga makofi mara moja. "Hakuna jela! Si niliwaambia? Nilijua nikifika tu nitamtoa."

"Umtoe?" mjomba mkubwa akafoka. "Mzee, wewe ndiye uliye..."

"Mjomba," kijana akasema.

Taya za mjomba ziliendelea kutafuna maneno yaliyobaki. Kijana akamgeukia mzee. "Ni kweli, baba. Bila wewe ningelala ndani. Twende nikununulie chai kabla gari la Zombe halijajaa."

Wote walikuwa wanasema Kikamba. Hapakuwa na kazi yangu pale.

Mwaka ule nilimwona kijana mara kwa mara, siku za soko. Mwajiri wake alikuwa amempa usukani aliyekuwa utingo wake, kijana mdogo aliyepata leseni juzi tu, naye aliyekuwa na kiti hicho akapanda nyuma, juu ya magunia ya mbaazi, kupakia na kupakua. Wapagazi wa soko la Kitui hawakumwachia nafasi ya kupumua.

"Dereva, leo umekaa juu! Unaiona barabara vizuri?"

"Kunywa sasa, kunywa! Gunia halina usukani!"

"Halina usukani," alijibu, "lakini lina uzito. Leta mgongo."

Kanisani kwao Mbumbuni alipewa adhabu ya pili: miezi kadhaa kwenye benchi la nyuma, bila meza ya Bwana, kwa sababu ya uki, na kwa sababu ya soda. Alinieleza hayo tukinywa chai kwenye hoteli moja nyuma ya soko. Hakulalamika. Alisema la kanisa lilimwuma kidogo zaidi kuliko la korti, kwa kuwa kanisani hakuna rufani.

Nikamwuliza kwa nini hakumwuliza mzee swali hata moja. Nilikuwa nimelibeba jambo hilo tangu siku ile, kama mwandishi aliyekosa mstari wa mwisho wa habari.

Alikoroga chai ambayo sukari yake ilikwisha kuyeyuka. "Ningemwuliza nini? Ningemwambia hakimu baba ni mwongo, halafu niende Zombe kumchukua binti wa mwongo?"

"Lakini wewe ndiye uliyedanganya."

"Ndiyo. Basi wa kulipa nilikuwa mimi." Kisha akacheka. "Mke wangu nilimweleza yote. Alicheka mpaka akalia. Halafu akalia tu. Akasema, usimwambie baba. Nikamwambia, nani amwambie? Huko Zombe kila mtu anajua mzee alishinda kesi Kitui."

Mwaka ulipokwisha alikuja ofisini kwetu kuchukua kijitabu chake. Nilidhani atakuja peke yake. Alikuja na baba mkwe, koti lile lile, kofia mkononi.

"Mzee, kuna shida?" nikauliza.

"Hakuna. Nimekuja kama watauliza chochote tena. Nani atasema kama sipo?"

Kijana alikuwa anatazama ukutani, kwenye kalenda. Karani akatafuta faili, akalipata, akamwambia atie sahihi, akampa leseni. Hakuuliza neno. Mzee alingoja kidogo, akahamisha uzito mguu huu hadi ule, na niliona wazi kwamba amehuzunika.

"Basi?" akaniuliza.

"Basi, mzee. Imekwisha."

Tuliporudi nje kijana alikifungua kijitabu, akatazama picha yake, akakifunga. Leseni ilikuwa imerudi, lakini kiti hakikurudi. Yule utingo wa zamani alikuwa dereva mzuri, na mwajiri hakuwa na sababu ya kumtoa. Kulikuwa na mtu wa Nuu, aliniambia, mwenye lori la kusafirisha mifugo, aliyekuwa anatafuta dereva. Angepanda gari la Mwingi mchana huo huo.

"Nuu?" mzee akasema. Uso wake ulikuwa umechangamka tena. "Vizuri. Nitakwenda nawe. Huyo tajiri hakujui. Nitamweleza jinsi unavyojiheshimu kwa watu."

Kijana alivuta pumzi. Alimshika mzee mkono kwa mikono yake yote miwili, kama mtu anayepokea kitu, akainama kidogo.

"Baba," akasema, "huyu niache nikamwone peke yangu."

Mzee alifikiri. "Una hakika?"

"Nina hakika, baba."

"Haya. Lakini akikusumbua, unajua nakaa wapi."

Kijana akaenda Nuu, na kazi akaipata.