Nakijwa Chini ya Daraja

Hili sikusimuliwa na mtu. Nililishika kwa mikono hii, nikiwa na akili zangu, na jua lilikuwa bado halijazama.

Mjukuu wangu Upendo ni injinia wa madaraja kule Same mjini. Alipanda huku milimani kukagua daraja letu, hili tunalopitisha tangawizi kwenda bondeni. Akanieleza kwamba kompyuta inachukua hali ya daraja leo, inakadiria uwezekano wa kuchakaa kwake miaka inayokuja, ndipo wanapanga lipi litengenezwe kwanza.

"Haipigi ramli, Bibi," akacheka. "Inapima tu lipi lina hatari zaidi."

Akatuuliza pale uani, mimi na majirani: taka za mto bado mnaziondoa? Tukaitikia wote. Sisi si ndio watu wa msaragambo? Basi daraja letu likawekwa nyuma kwenye mpango, maana linalosafishwa huchelewa kuchakaa.

Msaragambo nimeukulia. Pembe ikilia asubuhi, kila nyumba inatoa mtu, kazi ya kijiji inafanywa na kijiji. Chini ya daraja lile nilivuta magogo na Nakijwa, rika langu, tukiimba, tukitaniana habari za wachumba. Siku hizo mto ulijaa sauti za watu. Nakijwa alikufa kwa uzazi, bado msichana.

Sasa jioni ile natoka kukata majani ya ng'ombe, ukungu umeshuka hata nguzo za daraja sizioni. Nikasikia mtu anaburuta kitu majini. Binti, kanga kaifunga kiunoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," nikajibu, ndipo nikamtazama. Niamini, alikuwa Nakijwa, ujana wake vilevile. Rika langu ananiamkia.

"Pembe imelia," akasema. "Mbona niko peke yangu? Au mmezeeka mkawa wavivu?"

Wewe ungekimbia? Mimi nilishuka. Magogo yalikuwa yameziba njia ya maji, na maji yanakula udongo chini ya nguzo. Tukavuta pamoja. Nilipoinua kichwa nimjibu utani wake, hayupo. Ukingoni limelala gogo ambalo mgongo wangu huu usingelisogeza.

Nikampigia Upendo simu, nikamwambia: "Mto hatusafishi, mjukuu wangu. Kila mmoja alidhani mwenzake anakwenda."

Akajibu, "Basi hesabu yote inabadilika, Bibi."

Akaifanya upya. Daraja letu likasogezwa mbele, nguzo zikatengenezwa kabla ya masika. Na pembe inalia tena. Nami nikienda, huacha nafasi ya mtu mmoja pembeni yangu kwenye gogo. Vijana wanadhani ni uzee.

Tangu hapo siitikii shikamoo kabla sijatazama uso. Nawe ukipita pale ukungu umeshuka, ukasikia gogo linaburutwa, usijifanye una haraka. Shuka ushike. Aliyekufa asifanye kazi yako.