Mdogo wangu alim-confirm binti yangu uinjinia, mtoto alitaka jiolojia

Wakuu, salaam. Mimi ni wa darasa la saba, uandishi mtanivumilia, ila hapa sijaongeza neno.

Nachimba visima kwa mkono, naishi Kibuta, Kisarawe.

Kuna kisima cha Dutumi kiliniporomokea, nikafukiwa mpaka kifuani. Mguu wa kushoto haujanyooka hadi leo. Aliyeonyesha pa kuchimba alikuwa injinia wa mradi. Udongo wenyewe hakuugusa.

Binti yangu Mwanaidi alikuwa mdogo. Tangu hapo ni maswali ya udongo tu: kwa nini mchanga umekaa chini ya mfinyanzi, kwa nini huku kuna maji na kule hakuna.

Kamaliza form six, mchepuo wa PGM. Akaomba jiolojia na civil engineering, akachaguliwa kote kuwili. Roho yake ilikuwa jiolojia.

Utaratibu mnaujua. Ukipata zaidi ya sehemu moja, inatumwa code kwenye simu, unachagua, una-confirm. Sasa maombi aliyafanyia Tumbi kwa mdogo wangu Shabani, karani wa ofisi. Namba iliyojazwa ni ya Shabani.

Code ikaingia. Shabani aka-confirm civil, akakaa kimya. Sisi Kibuta tunasubiri, kumbe dirisha la ku-confirm limeshafungwa.

Nikamfuata. Namkuta anakunywa chai.

"Kaka, nimewasaidia. Jiolojia ni kuzurura porini na nyundo, na huyu mtoto wa kike."

"Ulimuuliza?"

"Nimuulize mtoto? Na wewe na kisomo chako cha kuchimba mashimo utanifundisha kozi?"

Namtaja makusudi. Shabani wa Tumbi, kama umo humu, soma.

Nimerudi nyumbani namlaani. Mwanaidi anakunja nguo za kwendea chuo, kichwa hainui. Akasema taratibu, "Baba, laini yangu mwenyewe niliiomba tangu namaliza shule. Ukasema msichana akipewa simu anaharibika."

Wakuu, ni kweli nilisema hivyo.

Kwa hiyo wa pili kumtaja ni mimi.

Wenye mabinti, namba inayojazwa kwenye fomu iwe ya mtoto mwenyewe. Si ya baba, si ya ba'mdogo.

Sasa yuko mwaka wa kwanza civil. Anayejua namna ya kuhama kozi aweke hapa. Wa kunituliza mimi apite tu. Laini ameshasajili kwa kidole chake, atasoma majibu yenu humu, ataamua mwenyewe.