Paka Mwenye Sukari

Usiniambie kwamba watu walikuwa wanakufa na mimi ninalilia paka. Nimeshaambiwa hivyo na mama mkwe, na bwana yangu, na mhubiri mmoja aliyenisimamisha sokoni mbele ya watu. Najua watu walikuwa wanakufa. Niliwaona kuliko wao, maana mi nilikuwa naenda stesheni ya Kolwezi mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, na paka ndani ya kitunga, wakati wao walizunguka kwa barabara ya nyuma ili wasione kitu.

Paka mwenyewe alitoka mji mdogo wa Kasaji. Mama yangu alimleta kwa treni akiwa mdogo kama kiatu cha mtoto, kwa ajili ya panya waliokuwa wanatoboa magunia yetu ya unga. Akafanya kazi yake miaka sita bila kulalamika, na hiyo si kila mtu wa nyumba yetu anaweza kuisema. Kisha akaanza kunywa maji. Hakunywa kama paka, alikunywa kama mtu aliyetoka mgodini: sahani yake, ndoo ya kufulia, hata maji ya kuoshea vyombo. Akakonda mpaka mifupa ya mgongo ukaihesabu, na huku anakula. Mama mkwe akasema amerogwa. Mi nikasema ni minyoo.

Aliyejua alikuwa jirani yetu, mwuguzi wa zahanati ya kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya shaba. Nilimwita yaya, yaani dada mkubwa, maana alinizidi miaka kumi na ndiye aliyenizalisha watoto wangu wawili. Alikuja kuazima kinu, akaona mahali paka alipokojoa, kwenye saruji nyuma ya jiko. Sisimizi walikuwa wamejaa pale, wanasukumana kama watu wa posho. Akachuchumaa, akatazama, akaguna.

"Mudogo, paka yako iko na sukari."

"Sukari gani, yaya?"

"Ile ile ya bwana yangu."

Bwana yake alikuwa amekufa kwa sukari miezi michache kabla, na chupa zake tatu za insulini zilikuwa bado kwenye friji ya yaya, kwa sababu hakuwa na moyo wa kuzitupa. Basi chupa za marehemu zikawa za paka. Ndugu wengine wa marehemu walinung'unika. Yaya akasema marehemu alimpenda paka yule kuliko alivyowapenda wao.

Tangu siku ile king'ora cha kampuni kikilia asubuhi na kikilia jioni, nilimpeleka paka kwa yaya. Masharti yake yalikuwa machache na hayakuwa na mchezo. Bukari, yaani ugali, marufuku: paka ale vichwa vya samaki, matumbo ya kuku, dagaa wa kapenta. Ale kwanza, sindano ifuate. Asipokula, hakuna sindano, maana sukari itashuka mpaka aanguke. Na kila asubuhi nitazame mkojo: sisimizi wakija wengi, sukari iko juu, wasipokuja, tunaendelea vizuri. Hiyo ndiyo ilikuwa maabara yetu. Paka akaanza kunenepa tena, akarudi kwa panya.

Lakini kudunga sikutaka kujifunza. Yaya aliniletea papai nijaribie sindano, nikalikata, nikalila. "Mi naogopa sindano," nilisema, na yeye akacheka, akadunga mwenyewe. Miezi na miezi. Nilikuwa na jirani, kwa nini nijifunze?

Kisha wakubwa wa siasa wakasema kwenye redio kwamba Katanga ni ya Wakatanga, na kila mwenye asili ya Kasai, mkoa wa jirani, arudi kwao. Yaya asili yake Kasai, lakini kwao ni Kolwezi! Alizaliwa Kolwezi, baba yake alichimba shaba Kolwezi na amezikwa Kolwezi. Kasai hakuwahi kuiona hata kwa picha. Vijana walipita kambini wakiimba "bilulu, bilulu," yaani wadudu, na kati yao nilimwona mmoja ambaye yaya alimtoa tumboni kwa mama yake. Mtu wa ofisi ya maji alifika na kitanda chake kabla yaya hajatoa cha kwake. Friji vijana waliibeba wakiwa wameishika pembe nne kama jeneza. Vilivyokuwa ndani walimwaga chini. Chupa mbili zilipasuka. Moja yaya aliiokota kati ya miguu yao, akaificha kifuani.

Mi nilisimama mlangoni na mtoto mgongoni. Bwana yangu alinishika mkono kwa nyuma. "Nyamaza," alisema. "Unataka batuweke na shiye mu treni?" Nikanyamaza. Hiyo nayo naiandika.

Stesheni, au gare kama tunavyoiita, ilikuwa imejaa. Watu walilala chini ya mapaa ya magunia wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua itakuja lini. Yaya alikaa na binti yake juu ya godoro lililokunjwa, na chupa ameiweka ndani ya chungu kidogo chenye mchanga uliolowa. Kwa hiyo kazi iliendelea, ila sasa kulikuwa na vijana wa kizuizi, yaani barrage, mlangoni. Mmoja alikuwa amekaa nyuma yangu sekondari, akinakili hesabu zangu.

"Mama, mu kitunga muko nini?"

"Paka."

"Paka ya Mukasai ao ya Mukatanga?"

"Umuulize."

Wenzake wakacheka. Naye akainamia kitunga, anajifanya hakimu. "Anasema nini?"

"Anasema hata yeye alifika hapa na treni. Alitoka Kasaji. Mutamufukuza?"

"Pita na mudomo yako," alisema. "Siku moja utakuya kulala huku chini na beye."

Siku nyingine walifungua kitunga, siku nyingine walinizuia saa nzima kwenye jua. Niliwatukana moyoni. Kwa sauti niliwatukana mara mbili tu, na mara ya pili walinipokonya viatu. Kuna kitu kimoja nimekificha mpaka hapa: kwamba kila siku niliporudi nyumbani nilimshukuru Mungu mi si mmoja wa wale waliolala stesheni. Nilimwambia hivyo kabisa, kwa maneno. Shukrani gani hiyo!

Sasa ile asubuhi. King'ora kilikuwa kimekufa pamoja na kampuni, saa nilikisia kwa jua. Nyumbani kulikuwa na bukari tupu. Paka aliinusa, akageuka. Niliona jua linapanda, nikamtia kitungani hivyo hivyo.

"Alikula?" yaya aliuliza, kama alivyouliza kila siku.

"Alikula."

Kwa nini nilisema hivyo? Kwa sababu yeye alikuwa anachemsha sombe, majani ya muhogo, bila mafuta, bila chumvi, na mi ningefungua kinywa nimwambie leo sikupata kichwa cha samaki cha paka? Niliona aibu. Aibu ni rahisi, inakufanya ujione mtu mwema. Akavuta dawa mistari miwili ya sindano, akadunga.

Nikabaki kumsuka binti yake nywele. Sikuwa nimemaliza nusu ya kichwa paka alipotoka kitungani, akatembea kama mlevi wa lutuku, miguu ya nyuma inaachana. Akalala ubavu. Akaanza kutetemeka, macho wazi, hayaoni.

Yaya hakuniuliza kitu. Aliruka, akaanza kuita kutoka kibanda hadi kibanda: "Sukari! Nani iko na sukari, hata kidogo!"

Nani angekuwa nayo? Mama mmoja alikuwa nayo. Mtoto wake alikuwa anaharisha siku ya tatu, na yaya mwenyewe ndiye aliyemwagiza amchanganyie sukari na chumvi katika maji yaliyochemshwa. Mama huyo alikuwa ameifunga kwenye pembe ya kitenge. Alimtazama yaya, akamtazama paka, akanitazama mi kwa muda mrefu kuliko wote. Kisha akafungua fundo kwa meno.

Mzee aliyelala karibu akainua kichwa. "Ee, baba yangu! Batufukuze ku nyumba, bakamate friji, na paka yabo ikuye kukula sukari yetu mpaka huku ku gare!"

Watu walicheka. Mi pia nilitaka kucheka, nikashindwa.

Yaya aliilowesha sukari, akampaka paka kwenye ufizi kwa kidole, taratibu, tena na tena. Nilihesabu vidole vya miguu yangu. Mwishowe ulimi ukatoka, ukalamba. Baada ya kitambo akainua kichwa, akatazama huku na huku kana kwamba sisi ndio tulikuwa na shida.

Yaya alijifuta mikono, akasimama. Hakuwahi kuwapigia kelele hata waliobeba friji yake. Mi alinipigia.

"Umenidanganya! Bale ba barrage banafukuza miye, sawa, habanijue. Weye unanijua! Sukari ya mutoto imeingia mu kinywa ya paka juu ya aibu yako!" Akasogeza chungu mbele yangu kwa mguu. "Leo jioni hakuna sindano. Kesho utadunga weye. Mi sidungi tena."

Kesho yake nilifika na kikombe cha sukari nilichoiba kwa mama mkwe, nikampa yule mama. Alipokea, akaifunga kwenye pembe ya kitenge. Paka alikuwa amekula kapenta mbele ya macho yangu. Yaya alifunga mikono nyuma ya mgongo. Nikaviringisha chupa kati ya viganja bila kuitikisa, nikavuta mistari miwili, nikainua ngozi ya shingo kama mtu anayebana kitambaa. Nikadunga. Paka hakugeuka hata. Miezi yote ile nimekimbia papai na sindano, na paka mwenyewe hakugeuka!

Treni ilikuja siku ya kumi na moja tangu nianze kudunga, mabehewa ya mizigo. Watu walipandishwa kama magunia. Yaya alinipa chupa ndani ya kitambaa kilicholowa. Hakuniaga. Alipaza sauti kutoka ndani, katikati ya vichwa vya watu: "Chakula kwanza!" Kisha mabehewa yakafungwa. Sijui kama alifika. Barua haikuja.

Chupa ile niliipunguza kwa wiki saba, sikukosea hata siku moja. Ilipokaribia kwisha nilikwenda zahanati. Kwenye kiti cha yaya alikaa kijana, mpwa wa mkubwa fulani, koti jeupe linamfika magotini.

"Insulini," nilimwambia. "Hata chupa moja."

"Ni dawa ya nini ile?"

Kwenye benchi kulikuwa na wagonjwa wa kweli, watu, wanangoja wamwone huyo.

"Mulifukuza mwenye kujua," nilisema, "mukabakia na koti yake."

Nikampa paka samaki tu, kila samaki niliyempata, na watoto wangu wakala bukari na majani, nisemwe. Siku tisa baada ya sindano ya mwisho alikufa asubuhi, chini ya kitanda. Bwana yangu akasema atanitafutia mwingine. Nikamwambia anyamaze, anajua sana kunyamaza.

Nikachukua jembe. Sikungoja giza. Nilivuka na paka kitungani mchana kweupe, nikaingia kwenye uwanja wa yaya, nikaanza kuchimba katikati ya lengalenga, mchicha wa mtu wa ofisi ya maji. Akatoka na mswaki mdomoni.

"Mama, unachimba nini mu parcelle yangu?"

"Ya nani?"

Akatema povu, akatazama majirani waliokuwa wamesimama kwenye milango yao. Hakuna aliyemsaidia, wala aliyenisaidia mi.

"Ntamuita bwana yako!"

"Umuite," nilisema. "Akuye na jembe. Huku chini udongo iko nguvu."