Kamba ya Nyuma ya Jiko

Kituoni walimwita Mama Kamba, na mwenyewe aliitikia bila kununa. Miaka kumi na minane alikuwa dobi wa watoto arobaini waliokosa wa kuwalea. Alijua nani kalala salama na nani kakojoa kitandani kabla mtoto mwenyewe hajafumbua macho, na mkurugenzi, pamoja na vyeti vyake vyote ukutani, hakujua hata nusu ya hayo.

Kila mwaka shule zikifungwa, wageni wa kanisa walikuja kutoka ng'ambo kwa wiki mbili. Walikuwa watu wema, hilo Mama Kamba hakulipinga. Walivaa fulana za rangi moja, walikuja na magitaa na maputo, na mikono yao haikuchoka kubeba. Mtoto mdogo hakugusa ardhi tangu asubuhi hadi jioni. Kisha siku ya kuondoka walilia, watoto wakalia, picha zikapigwa, gari likaenda zake.

Kesho yake kamba ilijaa. Mashuka kumi na mawili, kumi na matano, kila asubuhi kwa mwezi mzima, hata ya wakubwa waliokwisha kuacha mambo hayo. Mkurugenzi hakutaka mgeni aone madoa, ndiyo maana zamani sana aliihamishia kamba nyuma ya jiko.

Mwaka uliopita mtoto mmoja aliumia kuliko wote. Wenzake walimwita Kifungo, kwa kuwa akishika kifungo cha gauni lako hakiachii mpaka kikatike. Alikuwa na miaka mitatu. Msichana mmoja wa wageni alimbeba wiki zote mbili. Gari lilipoondoka, Kifungo alikaa getini siku tatu, akagoma kula, na maneno machache aliyokuwa nayo yakamkauka. Mama Kamba ndiye aliyemrudisha, kijiko kwa kijiko, akimkalisha kando ya beseni na kumpa vibanio vya nguo avishike. Ilichukua miezi minane. Neno lake la kwanza lilikuwa "lete", na Mama Kamba alicheka mpaka akakaa chini.

Kwa hiyo habari za wageni zilipofika tena, aliingia ofisini bila kubisha hodi.

"Mkurugenzi, wageni wakaribie. Ila mwaka huu Kifungo habebwi."

"Mama, watu wamevuka bahari kuja kuwapenda watoto hawa."

"Wawapende wakiwa wamekaa chini."

"Wakiudhika wasirudi, utawalisha wewe?"

"Na huyu akinyamaza tena, utamwongelesha wewe?"

Mkurugenzi alivua miwani. "Unajua naweza kukuachisha kazi leo hii."

"Niachishe. Funguo za stoo ya sabuni hizi hapa. Mashuka ya leo yako kwenye beseni. Anza na maji ya baridi, doa lisije likaganda."

Mkurugenzi hakuzigusa. Mama Kamba akazichukua, akarudi kwenye beseni lake kwa hasira na kwa woga pia, maana hakuwa na kazi nyingine.

Asubuhi ya wageni aliifungua kamba nyuma ya jiko, akaifunga kutoka nguzo ya geti hadi mlango wa ofisi. Mashuka ya mwezi ule wa mwaka jana, yaliyotoboka kwa kufuliwa, hakuwa ameyatupa. Aliyaanika yote. Wageni walishuka garini wakalazimika kuinama ili wapite.

Kiongozi wao, mama mwenye mvi, alimuuliza Mama Kamba kupitia kwa dereva haya ni nini.

"Mwambie ndiyo mnayotuachia mkiondoka. Watoto wanawalilia mpaka wanalowesha vitanda. Mwambie hivyohivyo, usipunguze."

Dereva akatafsiri. Mama mwenye mvi alishika shuka moja, akaingiza kidole kwenye tundu. "Mbona hatukuambiwa?"

"Mlionyeshwa upande wa mbele tu."

Yule msichana wa mwaka jana alikuwa tayari anakuja, mikono wazi. Kifungo alijificha nyuma ya gauni la Mama Kamba. Mama Kamba akaweka beseni kwenye ile mikono. Msichana aling'amua, akaanza kulia. Mama Kamba alimwonea huruma, lakini hakusogea.

"Mwambie hivi," alimwambia dereva. "Mimi na walezi wenzangu tunawapenda hawa, ila hatupati nafasi ya kuwabeba. Kazi zimetushinda. Nyie fueni, sisi tubebe."

Mkurugenzi alitabasamu kwa wageni na meno yakamuuma. Lakini mama mwenye mvi alikuwa ameshakunja mikono ya fulana.

Wiki mbili wageni walifua, wakasugua matangi, wakashona magodoro, migongo ikawauma. Walezi walikaa kivulini na watoto mapajani. Siku ya kuondoka Kifungo alipunga mkono mmoja. Wa pili ulishika kifungo cha gauni analolijua. Gari lilipopita geti aligeuka kutafuta vibanio vyake.

Asubuhi iliyofuata mkurugenzi alitoka ofisini, akaikuta kamba bado iko mbele, tupu kutoka getini hadi mlangoni kwake.

"Mama, mashuka yako wapi?"

Mama Kamba hakusimama hata kumsalimu.

"Vitandani," alisema.